Masaa Kumi na Nusu Angani

Kwa miaka thelathini na mmoja wodini walimwita Sista Dakika, na jina hilo hakupewa bure. Kwake saa mbili ilikuwa saa mbili, si saa mbili ya fundi cherehani. Dawa ya saa sita ikitolewa saa sita na robo, muuguzi aliyechelewa alitamani sakafu impasukie aingie. Wagonjwa walimwogopa siku mbili za kwanza, halafu wakampenda, maana waligundua kwamba akisema "narudi sasa hivi" hurudi sasa hivi kweli.

Alistaafu mwaka mmoja baada ya kumzika mumewe. Nyumba yake ya vyumba vitatu ikawa kubwa ghafla. Asubuhi aliamka saa kumi na moja kwa mazoea, akaoga, akavaa, kisha akakaa kitandani na viatu miguuni, hana pa kwenda. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Alipika chakula cha mtu mmoja, akala nusu yake. Jirani yake, mama muuza vitambaa, alimwambia atafute mjukuu wa kulea. Akajibu kwamba mjukuu hanunuliwi dukani.

Aliyemtoa kwenye hali ile ni binti mmoja aliyepata kuwa mwanafunzi wake wodini, ambaye sasa alikuwa mratibu katika hospitali kubwa. Walikuwa wanatafuta watu wazima, waaminifu, wenye afya na wasio na haraka ya kurudi nyumbani, wa kubeba uboho.

Uboho ni ile nyama laini ya ndani ya mfupa, inayotengeneza damu. Mtu ambaye wake umeharibika anaweza kupona kwa kupewa wa mwingine, mradi wawili hao wapatane. Na wanaopatana aghalabu hawakai mtaa mmoja. Mmoja yuko huku, mwenzake yuko ng'ambo, hawajuani hata kwa jina. Kinachotolewa huku hutiwa kwenye mfuko, mfuko ukawekwa ndani ya sanduku la ubaridi, na kuanzia hapo zinahesabiwa saa sabini na mbili. Zikipita, kilichomo si kitu tena. Mgonjwa wa upande wa pili naye anakuwa amekwisha kupigwa madawa makali ya kuua uboho wake wa zamani ili kuupisha mpya. Hana pa kurudi. Sanduku lisipofika, ndiyo basi.

Kazi kama hiyo ilikuwa imemkaa Sista Dakika kama kiatu cha kupimiwa. Aliyashika masharti yote kwa kichwa: sanduku halitoki mkononi, haliwekwi kule juu na mabegi ya watu, halipitishwi kwenye mashine ya miale, mbebaji halewi, halali, hasemi amebeba nini wala anampelekea nani. Alikuwa ameshakwenda safari sita, na safari zote sita alifika kabla ya muda.

Safari ya saba aliitiwa Jumanne, akiwa anaanika nguo.

"Shikamoo, Sista," alisema mratibu kwenye simu. "Nina shida. Aliyekuwa aende kesho kashikwa na mgongo, hawezi hata kuinama kufunga kamba za viatu."

"Marahaba. Ni wapi?"

Mratibu akautaja mji. Sista Dakika akabaki na shati lililolowa mkononi, maji yakimtiririkia kwenye kiwiko.

"Ni kilometa elfu nane mia tisa," mratibu akaendelea, akidhani mwenzake ananyamaza kwa kungoja maelezo. "Kwenda ni masaa kumi na moja na dakika ishirini, ndege moja, hakuna kubadilisha. Kurudi masaa kumi na nusu. Eti huko juu upepo unaisukuma kwa nyuma."

"Najua."

"Kumbe umewahi kwenda?"

"Sijawahi," alisema. "Kesho saa ngapi nichukue sanduku?"

Alijua kwa sababu huko ndiko alikoishi mwanawe wa pekee.

Kijana huyo alikwenda kusomea ufundi wa lifti, akapata kazi, akaoa huko huko, akakaa. Miaka sita iliyopita baba yake alianza kuumwa siku ya Ijumaa. Jumapili hali ikawa si nzuri. Sista Dakika, aliyekuwa ameona wagonjwa wengi kuliko nywele zake, akamtazama mumewe kwa jicho la kazi, akapiga hesabu: wiki moja, pengine siku kumi. Hakumwita mtoto. Alipoona dalili zimebadilika, Jumatano asubuhi, ndipo alipopiga simu. Kijana alipata ndege ya jioni ile ile. Baba alikata roho alfajiri ya Alhamisi, mwanawe akiwa angani, mahali fulani juu ya maji au jangwa, hajui lolote.

Alipofika uwanjani alipokelewa na baba yake mdogo, na uso wa baba mdogo ulimweleza kila kitu kabla ya mdomo. Nyumbani alimkuta mama yake kaketi katikati ya wanawake. Hakulia. Aliuliza tu, "Ameanza lini kuumwa?"

"Ijumaa."

"Ni masaa kumi na nusu, mama. Ungenipigia Jumapili, Jumatatu ningekuwa hapa. Tungezungumza."

Hapo ndipo Sista Dakika aliposema neno ambalo limemkaa kooni hadi leo. Alisema, "Baba yako alikataa. Alisema usikatizwe kazi."

Baba mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa akasema polepole kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Watu wakadhani anamsema marehemu. Kijana alikaa siku nne, akazika, akarudi kwake. Toka hapo alipiga simu kila tarehe mosi, dakika tano, sita, kama mtu anayetimiza sharti la daktari. Afya? Nzuri. Kazi? Ipo. Mkewe? Anakusalimu. Haya, mama.

Basi Sista Dakika alipopata safari ile hakumwambia. Alijiambia kwamba masharti hayaruhusu. Lakini masharti yalikataza kusema amebeba nini. Hayakumkataza mtu kumwambia mwanawe kwamba anakuja. Hilo alilijua vizuri sana. Aliogopa kuambiwa asije.

Asubuhi alisaini, akakabidhiwa sanduku. Lilikuwa la buluu, kubwa kiasi cha kutosha sufuria ya familia, na kipimo kidogo cha ubaridi kilichowaka namba pembeni. Uwanja wa ndege ulikuwa umejaa. Kwenye ukaguzi akatoa barua yake. Mlinzi, kijana mwenye kola ngumu iliyomsugua shingo, akaisoma mara mbili.

"Weka hapo kwenye mkanda, mama."

"Halipiti kwenye mashine. Soma mstari wa tatu."

"Kila kitu kinapita."

"Mwanangu, humu ndani kuna mtu. Ukimpitisha humo unamuua."

Mlinzi akalitazama sanduku, akamtazama yeye. Nyuma foleni ikaanza kunung'unika. Mwanamume mmoja akasema labda ni supu ya mkwewe. Mlinzi alimwita mkubwa wake, mkubwa akamwita aliye mkubwa zaidi, na dakika arobaini zikapotea Sista Dakika akiwa amelikumbatia sanduku kifuani mbele ya macho ya watu kama mgeni aliyekataliwa hoteli. Mwishowe akaja mama mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni, akaifungua barua, akapiga simu, akasema, "Mpisheni." Hakuomba radhi. Sista Dakika naye hakuitaka; alikuwa akihesabu.

Ndani ya ndege aliliweka sanduku chini, kati ya miguu yake, akalibana kwa magoti. Mbele yake kulikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha ramani na ndege nyeupe. Chini yake zilipita namba: kilometa zilizobaki, saa zilizobaki, baridi ya nje. Abiria wa jirani, mzee wa makamo aliyevaa tai, alijifunika blanketi hadi puani, akalala kabla hawajamaliza kupanda. Wengine wakafuata. Madirisha yakafungwa, taa zikapunguzwa, ingawa nje lilikuwa jua kali. Sista Dakika akabaki macho peke yake na ile ndege nyeupe.

Elfu sita mia nne. Elfu sita mia tatu. Alijaribu kufikiria alivyokaa mwanawe usiku ule, na kioo kama hiki mbele yake, akizitazama namba zikipungua na kudhani kwamba kila inayopungua inamsogeza kwa baba yake. Wahudumu walipoleta chakula alikula wali, akaacha mengine. Mara tatu alikagua kipimo. Ilipofika saa ya nane ya safari kope zikawa nzito kama mchanga, akasimama kwenye ujia na sanduku mkononi, akasimama hivyo hivyo nusu saa nzima. Mhudumu mmoja akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, anazuia usingizi.

Walitua saa tisa alasiri kwa saa za huko, siku ile ile, kana kwamba jua lilikuwa limemsubiri. Gari la hospitali lilikuwa nje. Dereva hakusema neno. Mji ulikuwa mpana na wa kijivu, mvua nyembamba, watu wakitembea haraka na vichwa vyao chini. Hospitalini alipandishwa hadi ghorofa ya sita. Mlango wa vioo ukafunguka kidogo, muuguzi mwenye barakoa akatoa mikono miwili, akapokea. Wakasaini: huyu hapa, yule pale. Muuguzi akasoma kipimo, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ni sawa, akasema asante kwa lugha ya huko, na mlango ukafungwa.

Zilikuwa zimebaki saa hamsini na tano. Sista Dakika alisimama kwenye ujia na mikono mitupu. Kila safari ilikuwa hivi. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na mtu, mwanamke au mtoto au babu, hakuna aliyewahi kumwambia, na yeye hakuwahi kuuliza. Alikwenda kuketi kwenye benchi karibu na mashine ya kahawa. Akaitoa simu, akaitazama mpaka ikajizima, akaiwasha tena. Liwalo na liwe.

"Mama?" mwanawe alisema. "Leo si tarehe mosi. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mimi mzima. Nipo hapa mjini kwako."

"Mji gani?"

"Wako. Nimeleta kitu hospitali. Narudi kesho saa nane mchana."

Kwa mbali alisikia chuma kikigongwa na watu wakiitana.

"Mimi sipo," alisema mwanawe. "Tuna jengo la ghorofa ishirini mji mwingine, tunafunga lifti. Ni masaa saba kwa treni. Na kesho ndiyo siku ya kuzijaribu, siwezi kuondoka." Akapumua. "Ungeniambia, mama. Juzi tu nilikuwa hapo. Ningeomba wabadilishe zamu. Kwa nini huniambii vitu?"

Sista Dakika aliitazama mashine ya kahawa ikimtilia mtu kikombe.

"Umekula?" akauliza mwanawe, kwa sauti nyingine.

"Nimekula ndani ya ndege."

"Hicho si chakula. Usiende hoteli. Nenda kwangu, nakutumia anwani. Mzee wa chini ana ufunguo, nitamwambia. Ila kuna ngazi, ghorofa ya nne."

"Fundi wa lifti anakaa kwenye nyumba isiyo na lifti?"

"Ndivyo ilivyo," akasema, na Sista Dakika akasikia kama amecheka kidogo, au pengine ni upepo tu wa huko aliko.

Mzee wa chini alimfungulia akiwa na ndara na gazeti kwapani, akampa ufunguo, akaonyesha juu kwa kidole. Sista Dakika akapanda ngazi akipumzika kila ghorofa. Akafungua.

Miaka thelathini na mmoja ya wodi humfundisha mtu kusoma chumba kabla ya kumsoma mgonjwa. Kulikuwa na kikombe kimoja kwenye kichanja cha vyombo, sahani moja, kijiko kimoja. Bafuni taulo moja, mswaki mmoja. Meza ya kulia ilikuwa na kiti kimoja. Alama za miguu ya kiti cha pili bado zilionekana kwenye zulia. Ukutani palikuwa na mraba mweupe pale ambapo picha ilining'inia muda mrefu. Kitanda kilikuwa kikubwa, godoro limebonyea upande mmoja tu, karibu na ukuta, na upande wa pili mwanawe alikuwa amepanga vitabu vya ufundi na soksi zilizofuliwa.

Alikaa kwenye kile kiti kimoja bila kuvua koti. Nje taa za barabarani zikawaka. Alikuwa ameruka kilometa elfu nane mia tisa, na katika mji wote ule hapakuwa na mtu wa kumwambia neno kwa lugha yake. Baadaye aliinuka, akaosha kikombe kilichokuwa kisafi, akakunja soksi vizuri, akalala upande uliobonyea.

Mwanawe alipiga saa moja asubuhi.

"Umelala vizuri?"

"Nimelala."

"Sukari iko kwenye kopo la maziwa ya unga. Sijui kwa nini, nilizoea tu." Akashusha sauti. "Umeona, basi."

"Nimeona. Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Na salamu zake zote zile? Kila tarehe mosi?"

"Zilikuwa zangu mwenyewe, mama. Sikutaka uwe na wasiwasi. Ungefanya nini na wewe uko kule?"

Sista Dakika aliiweka simu sikio la pili. Dirishani kwa jirani mwanamke alikuwa akitikisa mkeka. Alijua kwamba akinyamaza sasa atanyamaza mpaka kaburini.

"Nina neno," alisema. "Lisikilize mpaka mwisho, ndipo useme. Baba yako hakukataa uitwe."

Akaligeuzia dirisha mgongo, akaendelea.

"Jumapili aliniambia, mwite kijana. Akarudia jioni. Jumatatu akaniuliza kama nimekuita. Nikamwambia nimekuita, unatafuta ndege. Nilikuwa sijakuita. Nilimtazama nikaona ana wiki. Nikasema Jumamosi ndiyo nitakuita, uje ukae naye vizuri, usije mapema ukaishiwa likizo halafu ukamkosa mwishoni. Nilijiona najua, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nikahesabu vibaya. Halafu ulipouliza, mbele ya watu, nikamsingizia maiti."

Alisikia pumzi ya mwanawe, na nyuma yake mlio wa injini iliyokuwa ikiwashwa na kuzimwa.

"Alikuwa anajua nakuja?" kijana akauliza mwishowe.

"Alijua hivyo. Kwa uongo wangu."

"Mama, nakata simu kidogo."

"Sawa, baba."

Hakupiga tena. Sista Dakika alisubiri mpaka saa nne, akafagia, akafunga mlango, akaurudisha ufunguo kwa mzee wa chini. Uwanjani hakuna aliyemsimamisha. Sanduku, alilolipitia hospitali akiwa njiani, lilikuwa tupu, likapita kwenye mashine kama begi lolote. Kurudi ni masaa kumi na nusu, na sasa aliruhusiwa kulala, lakini usingizi ulikuwa umemkimbia. Aliitazama ile ndege nyeupe ikivuka ramani upande wa kurudi. Mara moja alilia, akigeukia dirishani, na msichana wa kiti cha jirani akamsogezea kitambaa cha karatasi bila kumtazama.

Nyumbani alimkuta mama muuza vitambaa akimwagilia maua. Aliulizwa habari za safari, akasema salama. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Alikwenda na simu bafuni, akaenda nayo uani. Siku ya nne aliiacha mezani makusudi, akaenda sokoni, akarudi mbio na nusu ya vitu alivyotumwa na tumbo lake.

Siku ya tano, Jumatano alasiri, akiwa anachambua mchele, simu ikalia.

"Mama, sitaki kugombana," mwanawe alisema. "Nimekasirika, na nadhani nitakasirika muda mrefu. Lakini nataka kujua kitu. Jumapili, Jumatatu, alikuwa anasema nini? Si kuhusu mimi kuitwa. Yale mengine."

Sista Dakika akausukuma ungo pembeni.

"Alisema mambo mengi ya ovyo. Alilalamika uji hauna chumvi. Alimsema baba yako mdogo kwamba hajarudisha ngazi."

"Ile ya mbao?"

"Ile ile. Akasema ukija nikuzuie usitoe pole nyingi, ukae naye tu. Akacheka akikumbuka siku ulipojifungia chooni ukafungua bawaba zote kwa kisu cha siagi, mlango ukamwangukia."

"Alikuwa amekasirika siku ile."

"Alikasirika mbele yako. Jikoni alicheka mpaka akakaa chini. Alisema, huyu tusimpeleke kusoma sheria, huyu ni fundi."

Sauti ya kijana ikaja imekwaruza. "Endelea. Leo nina nafasi. Anza Ijumaa, asubuhi. Usiruke kitu."

Sista Dakika akavuta kiti karibu na dirisha, akaketi, akaanza na Ijumaa asubuhi, mumewe alipoamka akasema hataki chai.